Mgeni Rasmi na Karamu ya Wenyeji

Katika desturi za watu wa Afrika ya Mashariki ni machache yaliyotukuzwa kama ukarimu. Abishapo hodi mgeni, huitikiwa karibu kabla hajaulizwa atokako wala aendako. Hupewa maji ya kunawa, huwekewa kiti mahali penye kivuli, na chakula kilichopikwa kwa watu watano hutosha watu sita. Mwenye nyumba haandiki mahali popote kuwa anadai. Anatoa kwa sababu leo ni zamu ya mgeni, na kesho yamkini itakuwa zamu yake mwenyewe kuwa njiani. Ukarimu wa namna hii haununui kitu, na kwa kuwa haununui kitu, thamani yake hupita thamani ya bidhaa zote za sokoni.

Mtu aibaye mali ya jirani yake hutenda kosa moja. Lakini mtu auibaye ukarimu wa taifa zima, akaufanya chambo cha kuvulia kura, hutenda makosa mawili: huwadanganya walio hai, na huwasingizia wazee waliokufa kuwa nao walifanya hivyo hivyo. Kosa hili la pili halisemwi sana, na kwa sababu halisemwi limeota mizizi.

Neno takrima ni ndugu wa maneno karimu, ukarimu, karama na karamu. Maana yake ni kumtendea mtu kwa heshima. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1985, ilifanyiwa marekebisho, na katika marekebisho hayo ikaelezwa kuwa jambo litendwalo kwa nia njema, likiwa ni ukarimu wa kawaida au wa jadi, lisihesabiwe kuwa ni kuwahonga wapiga kura kwa chakula na vinywaji. Na kwamba gharama za kawaida za uchaguzi, zikitumiwa kwa nia njema, zisihesabiwe kuwa rushwa. Watu hawakukawia kuupa mlango huo jina, wakauita takrima. Mlango ulikuwa mpana wala haukuwa na bawabu. Sheria haikusema kuwa sahani ya pilau ni jadi na gunia la mchele ni hongo. Haikusema kuwa kanga moja ni heshima na kanga mia ni biashara. Iliachia kila mgombea apime nia yake mwenyewe kwa mizani yake mwenyewe, na hakuna mfanyabiashara aliyepata kuiona mizani yake kuwa mbovu. Neno lililokuwa vazi la heshima likageuzwa pazia la kufichia aibu.

Mashirika matatu, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wawili, yaliupeleka ufafanuzi huo mbele ya Mahakama Kuu ya Tanzania, na mwezi wa Aprili 2006 mahakama ikaamua kuwa vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kujibiwa. Mgombea asiye na kitu hana cha kukirimu, kwa hiyo sheria inayoruhusu kukirimu imekwisha kumbagua kabla kura hazijapigwa. Mpiga kura naye, akiisha kula cha mtu, haingii katika chumba cha kura peke yake. Huingia pamoja na deni lake. Miaka minne baadaye, mwaka 2010, ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iliyoweka kikomo cha matumizi na kuwataka wagombea watoe hesabu. Basi katika vitabu vya sheria takrima ilikufa. Katika desturi haikuzikwa. Ilichofanya ni kubadili tarehe na kubadili nguo. Ikiwa haifai kulisha watu katika majuma ya kampeni, italishwa miaka mitatu kabla. Na ikiwa haifai kulisha watu kwa jina la mgombea, italishwa kwa jina la miti, madawati, usafi wa mazingira, afya ya mama na mtoto, au vita dhidi ya dawa za kulevya.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri hili. Swali la kuulizwa mbele ya kila tafrija ya mwanasiasa si kama chakula kilikuwa kingi au kidogo, wala kama jambo lililozinduliwa lilikuwa jema au baya. Aghalabu jambo lenyewe ni jema. Swali ni hili: katika karamu hiyo, nani ni mwenyeji na nani ni mgeni?

Lugha imekwisha kujibu, ila watu hawaisikilizi. Mtu huyo anayekuja kwa msafara, anayekaribishwa kwa ngoma na mashada, anayewekewa kiti chenye kitambaa chini ya turubai, jina lake katika ratiba ni mgeni rasmi. Hakuitwa mwenyeji rasmi. Ardhi anayokanyaga si yake, shule anayoizindua si yake, na kazi aliyo nayo ameazimwa na watu hao hao kwa miaka mitano. Lakini tazama jinsi mambo yanavyogeuka kabla jua halijatua. Wenyeji, waliokaa juani tangu saa mbili asubuhi wakimngoja mtu wa saa saba, husimama mmoja wao akasoma risala. Katika risala hiyo mahitaji ya kijiji huorodheshwa kama dua: zahanati haina paa, kisima kimekauka, watoto wanakaa chini. Mgeni husikiliza kwa upole, kisha huinuka, hucheka kidogo, hutoa ahadi, huonyesha hundi kubwa ya karatasi ngumu ili wapiga picha waione, na watu hupiga makofi na vigelegele. Mgeni amekuwa mwenyeji. Wenyeji wamekuwa wageni katika kijiji chao wenyewe, tena wageni wenye njaa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walikuwa na maana kuwa ujio wa mgeni humletea mwenyeji baraka, maana siku hiyo hata watoto wa nyumba hushiba. Katika karamu ya siasa methali hii husomwa kinyume. Mgeni huja akapona yeye, na mwenyeji hubaki na ugonjwa wake uliopakwa rangi.

Ugonjwa wenyewe ni wa kugeuza haki kuwa fadhila. Paa la zahanati si zawadi. Limekwisha kulipiwa na mkulima katika ushuru wa mazao yake, na mama lishe katika kodi iliyomo ndani ya bei ya sukari na mafuta ya taa. Mtu aliyelipia kitu humwuliza muuzaji kiko wapi; mtu aliyepewa kitu husema ahsante. Kati ya maneno haya mawili, kiko wapi na ahsante, ndipo ulipo mpaka baina ya raia na mtumwa wa hisani. Kazi ya tafrija ya mwanasiasa, hata kama mwenyewe hakuikusudia, ni kuwavusha watu mpaka huo bila ya wao kujua kuwa wamevuka.

Watetezi wa karamu hizi wana hoja, na ni haki hoja zao zisikilizwe.

Hoja ya kwanza ni kuwa kulisha watu ni jadi ya Mwafrika, na sheria za kuukataza ukarimu ni mawazo ya kigeni. Historia haiafiki. Kulisha wapiga kura ni jadi ya wenye nguvu mahali popote palipokuwa na kura. Katika Roma ya kale, mwaka 63 kabla ya kuzaliwa Kristo, Cicero alipitisha sheria iliyomkataza mtu anayetaka cheo asiwaandalie watu michezo ya kupigana katika miaka miwili kabla ya uchaguzi. Nchini Uingereza mchoraji William Hogarth alichora katika mwaka 1755 picha ya karamu ya uchaguzi, watu wamelewa na kushiba kwa gharama za wagombea. Na makabaila wa siku hizo walijitetea kwa maneno hayo hayo, kuwa ni desturi ya bwana kuwakirimu watu wake. Sheria ya mwaka 1854 ikautaja ukarimu huo kuwa kosa, na ile ya mwaka 1883 ikaweka kikomo cha gharama. Kwa hiyo karamu ya kura haina kabila. Ni ya Roma kama ilivyo ya Uingereza, na ni ya Uingereza kama ilivyo ya Tanzania. Jadi ya Mwafrika iliyo yake kweli ni ile ya kumpa maji mpita njia asiye na kura.

Wala haihitajiki kwenda mbali kutafuta ushahidi kuwa uchaguzi waweza kufanywa bila ya karamu. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1965, wagombea wawili walioshindana katika jimbo la Tanzania Bara walipewa alama, mmoja jembe na mwenzake nyumba. Chama kiliwaandalia mikutano, wakasimama katika jukwaa moja mbele ya watu wale wale, na hapakuwa na ruhusa ya mgombea kwenda pembeni kujifanyia kampeni yake. Mfumo ule ulikuwa na ila kubwa, kwa kuwa uliwanyima watu uhuru wa kuchagua chama, na hakuna sababu ya kuurudisha. Lakini katika jambo hili moja ulionyesha kitu kisichofaa kusahauliwa: wakubwa walipovuliwa mifuko yao, baadhi ya mawaziri waliangushwa na watu wasiojulikana. Watu walipoambiwa wachague bila ya kula, walichagua.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Husemwa kuwa bila ya wanasiasa kuchangisha, shule zisingejengwa wala wagonjwa wasingetibiwa, na kwamba ni heri mkate uliotolewa kwa majivuno kuliko njaa iliyotunzwa kwa heshima. Hoja hii ina makao yake makuu ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, na ni vema ijibiwe huko huko.

Jomo Kenyatta alipolifanya neno harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, neno lenyewe lilikuwa la watu wa kazi, wavutao au wainuao kitu kizito kwa pamoja. Halikuwa na mgeni rasmi ndani yake. Mwenye fedha alitoa fedha, asiye na fedha alitoa mawe, mchanga, siku ya kazi, au kuku wa kunadiwa mnadani. Na shule nyingi za sekondari zilisimama kwa njia hiyo, zikaitwa shule za harambee. Huo ulikuwa utimilifu wa methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kuku wa mjane na noti za tajiri viliingia katika kapu moja, na shule ilipokwisha haikuwa ya yeyote kati yao, ilikuwa yao wote.

Kisha wakubwa wakagundua kuwa kamba inayovutwa na watu wengi yaweza kumvuta mtu mmoja juu. Kidogo kidogo mkutano wa kazi ukawa mkutano wa kutajana majina. Michango ikatangazwa, wakubwa wakashindana, na ukubwa wa mchango ukawa kipimo cha ufaafu wa uongozi. Hakuna aliyeuliza mtu mwenye mshahara unaojulikana amepata wapi fedha zisizojulikana. Katika sehemu nyingi mchango wa hiari ukawa wa lazima; mtu akitaka huduma ya serikali aliulizwa kwanza kama amechanga. Neno la wavuta kamba likawa jina la kitanzi.

Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya mwaka 2003 ilimkataza ofisa wa umma asifanye ofisi yake kuwa mahali pa kuchangishia, wala asitumie cheo chake kuwashinikiza watu watoe. Mwaka huo huo ukaundwa mfuko wa maendeleo ya majimbo, na Tanzania ikafuata na wake mwaka 2009. Mtu angedhani kuwa fedha za umma zikiisha kufika jimboni kwa njia ya sheria, haja ya hisani itakoma. Haikukoma. Mahali pengi mfuko wa umma wenyewe ulivishwa sura ya mbunge, na darasa lililojengwa kwa kodi likazinduliwa kama limejengwa kwa mapenzi yake.

Tarehe 5 Julai 2024, baada ya maandamano makubwa ya vijana ya mwezi wa Juni, Rais William Ruto alitangaza kuwa maofisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki tena katika harambee. Kabla mwaka haujaisha, mwezi wa Novemba, Rais huyo huyo alitoa fedha katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Ndipo Philip Anyolo, Askofu Mkuu wa Nairobi, alipoagiza fedha hizo zirudishwe. Tendo hili lina uzito kuliko hotuba nyingi. Kanisa lile lilikuwa na haja, wala hakuna aliyekana. Kwaya ilihitaji, na nyumba ya padre ilihitaji. Lakini palitokea mwenyeji aliyekumbuka kuwa yeye ni mwenyeji, akamrudishia mgeni mzigo wake mlangoni. Hilo ndilo jibu la hoja ya pili. Mkate wa majivuno haumalizi njaa, kwa sababu atoaye mkate huo anahitaji njaa irudi kabla ya uchaguzi ujao. Mwanasiasa aishiye kwa kuezeka paa moja moja hawezi kuwa na haraka ya kuona mapaa yote yameezekwa.

Hoja ya tatu ndiyo chungu kuliko zote, nayo ni kuwa watu wenyewe ndio wanaotaka. Mbunge akirudi nyumbani siku ya Jumamosi hukuta watu wamejaa uani: huyu ana karo, huyu ana maiti ya kusafirisha, huyu ana arusi. Asipotoa huitwa bahili. Akitoa sana huisha. Ni kweli, na mbunge huyo anastahili kuhurumiwa. Lakini mkono haukujifunza wenyewe kunyooka. Mtu aliyefika ofisi ya serikali mara tatu kwa haki yake, akaambiwa arudi kesho, kisha akapata kitu hicho hicho kwa siku moja uani kwa mheshimiwa, amefundishwa somo, na hawezi kulaumiwa kwa kulifahamu. Wasemao kuwa mkono mtupu haulambwi waulizwe kwanza ni nani aliyewazoesha watu kulamba.

Tena ipo hasara ambayo haionekani katika hesabu za fedha, nayo humpata yule yule mgonjwa aliyeletewa dawa, yaani lile jambo jema lenyewe. Kampeni ya kupanda miti ikifungwa shingoni mwa mtu mmoja huishi maisha ya mtu huyo. Siku ya uzinduzi ina fulana, kofia, muziki na mchuzi. Mche hushikwa na mikono minne ya wakubwa mbele ya kamera. Mwezi unaofuata hakuna apelekaye ndoo ya maji, kwa kuwa mche ule haukupandwa kwa ajili ya kivuli. Mtu huyo akishindwa uchaguzi, mshindi hauendelezi mradi wake, kwa kuwa unanuka jina la mwenziwe; huanzisha wa kwake na tafrija yake. Hivyo jambo la umma hufa kila baada ya miaka mitano na kufufuliwa kwa jina jipya, na kila ufufuo una gharama za turubai.

Yafaa wasomi wasidhani kuwa maneno haya yanawahusu wanakijiji peke yao. Risala zile zinazosomwa juani, pamoja na sifa zake ndefu na maombi yake ya unyenyekevu, haziandikwi na wasiojua kusoma. Huandikwa na kijana aliyesoma, aliyerudi likizo, aliyeombwa na wazee kwa sababu ana mwandiko na lugha. Chama cha wanafunzi kikitaka fedha za safari humtafuta mbunge kuwa mlezi. Idara ikitaka kompyuta hutafuta mgeni rasmi mwenye mfuko kabla ya kutafuta mwenye elimu. Chuo kinachofundisha darasani kuwa mamlaka hutoka kwa wananchi, kisha kikapiga magoti ukumbini mbele ya aliyeazimwa mamlaka hayo, kimefundisha masomo mawili, na wanafunzi watalikumbuka la pili.

Dawa yake si kukataza watu wasile pamoja. Watu na wale, wacheze, washerehekee shule yao inapokwisha. Ila karamu iwe ya wenyeji, kwa chungu chao, na mwanasiasa akija akae mahali pa mgeni. Anayetaka kutoa mali yake na atoe kama wengine, jina lake liandikwe katika daftari pamoja na la mjane wa kuku, bila ya kipaza sauti. Fedha za umma zisitajwe kwa jina la mtu. Na risala isomwe, lakini iandikwe upya. Badala ya kuorodhesha maombi iorodheshe hesabu: ulipewa kazi hii mwaka fulani, uliahidi haya, yamefanyika haya, hayakufanyika haya, na wenyeji wanataka kujua sababu. Risala ya namna hiyo haihitaji sheria mpya wala ruhusa ya mtu. Inahitaji mwandishi mmoja tu mwenye ujasiri, na vyuo vimejaa waandishi.

Wahenga hawakuacha shauri hili bila ya hukumu. Walimkirimu mgeni kwa moyo wote, siku ya kwanza na siku ya pili. Hawakumwuliza kitu, wala hawakumwandikia deni. Lakini walijua kuwa ukarimu usio na mwisho humharibu mgeni na kumfilisi mwenyeji, wakaweka mpaka kwa maneno machache ambayo kila mtoto anayajua. Mgeni rasmi amekwisha kukaa siku nyingi kuliko mbili. Amekula, ameshiba, na sasa anawagawia wenye nyumba makombo ya chungu chao wenyewe, akingoja ashukuriwe. Siku ya tatu imefika zamani, na jembe limesimama ukutani likingoja mtu wa kumkabidhi.